Sehemu ya Saba

Nilimfundisha kijana mmoja huko Msambweni, ingawa kwao ni Ukunda. Pambizo za daftari lake la hesabu zilijaa mapanga na nyuso za watu wanaopiga kelele. Alikuwa amezama kwenye One Piece, hadithi ya katuni ya Kijapani ambayo Eiichiro Oda alianza kuichapisha Julai 1997 na ikapita miaka 25 bila kuisha. Akajiambia, na mimi je?

Yake ilihusu mtoto wa mvuvi wa Gazi aliyeingia msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo bila kujifunga kaniki, msitu ukamfungia njia. Kurasa nane, kopi zimebanwa kwa stepla, shilingi 20, kila Ijumaa. Chini kabisa: "Itaendelea." Nilinunua zote. Sehemu ya tatu, mzee wa kaya alipogeuka akawa na uso wa babake yule mtoto, niliisoma nikiwa nimesimama, chai ikapoa.

Nikamuuliza mwisho ukoje.

"Mwalimu, nikikwambia utamu utaisha."

Nikacheka. Nilipaswa kumkalisha chini siku hiyo hiyo, kwa maana alichokiona cha Japani ni karatasi, si karakana. Sura ya kurasa 19 hivi kwa wiki katika jarida la Weekly Shonen Jump si kazi ya mkono mmoja. Kuna wasaidizi wa kuchora majengo na kujaza weusi, kuna mhariri anayepitia rasimu ya penseli kabla ya wino. Wasomaji nao hupiga kura, na hadithi changa isiyopendwa huweza kukatwa baada ya wiki 10 tu. Hata kwa msaada wote huo mwili hudai chake: maumivu ya mgongo yamemfanya mchoraji Yoshihiro Togashi asimamishe hadithi yake, Hunter × Hunter, tena na tena.

Lakini ninayemfikiria zaidi ni Kentaro Miura. Alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54, Berserk yake, aliyoianza 1989, ikiwa katikati. Kumbe karibu miaka 30 nyuma alikuwa amemsimulia rafiki yake, Kouji Mori, hadithi yote hadi mwisho. Juni 2022 ikarejea jaridani, wasaidizi wa Miura wakichora, Mori akiwasimamia kwa kile alichokikumbuka.

Kijana wetu hakumsimulia mtu. Dadake mdogo alipojitolea kupaka wino, alimfukuza: utaniharibia. Sehemu ya sita ikatoka Jumatatu badala ya Ijumaa. Ya saba ilichelewa wiki tatu, na ilipofika, kovu la yule mtoto lilikuwa limehama shavu. Wanafunzi wa darasa la sita ndio waliogundua, na hao hawana huruma. Mlemle akatokea jini, kisha jini wa pili. Mwandishi asiyejua aendako huongeza majini. Kopi nyingi zilimrudia, na mwenye mashine akataka pesa zake kwanza. Sehemu ya nane haikuchapwa.

Juzi nilichukua bodaboda stejini Ukunda, dereva akawa yeye. Salamu, habari za nyumbani, mzee hajambo. Tulipokaribia Kinondo, miti ya kaya ikaanza kuonekana, nikashindwa kujizuia.

"Yule mtoto alitoka?"

Akapunguza mwendo.

"Mwalimu, hata mimi nilikuwa nangoja nione."