Jumba la Sanaa: Litakuwa la Nani?

Mara kadhaa katika miaka ya karibuni imetangazwa nia ya kuijengea Dar es Salaam jumba kubwa la sanaa, mahali pa ngoma, maigizo na muziki. Kila itokapo habari hiyo watu hugawanyika pande mbili. Wengine husema ni aibu mkoa wenye watu 5,383,728, kwa hesabu ya mwaka 2022, kukosa jumba la namna hiyo. Wengine hujibu kwamba aibu ni mgonjwa kukosa dawa na mtoto kukosa dawati. Ngoma na ingoje. Sisi twaona kila upande una neno la haki, lakini pande zote mbili zaliruka swali la kwanza: jumba hilo litakuwa la nani?

Tuwasikilize kwanza wanaosema ngoma ingoje. Hoja yao si ya kudharauliwa. Fedha ya umma si fedha ya matajiri peke yao. Mama lishe wa Kariakoo anunuapo sabuni huwa ametoa kodi yake. Kuichukua kodi hiyo na kumjengea jumba asiloliomba, hali mwanawe anakaa sakafuni darasani, ni jambo la kuogopa.

Lakini je, watu wa kipato kidogo wenyewe wamelihukumu vipi jambo hili? Historia ya mji huu yatujibu. Wazaramo hawakungoja utajiri ndipo wacheze mdundiko, ngoma ipitayo njiani ikikusanya watu kadiri iendavyo. Wakati wa ukoloni watu wa mji waliunda vyama vya beni, Marini na Arinoti, wakashona sare na kushindana kwa madaha. Wengine walianzisha vyama vya taarab, kama vile Egyptian na Al-Watan. Wengi wao hawakuwa na mali, hata hivyo walitoa sehemu ya kidogo walichopata kwa ajili ya uzuri. Hawakuuona kuwa ni anasa. Walijua kwamba mtu anayeshinda akibeba mizigo, ili abaki mtu, sharti apate mahali pa kujulikana kwa kitu kingine zaidi ya mgongo wake.

Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Mwezi Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais mpya, alitangaza kuanzisha wizara ya utamaduni, na akaeleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu, wasio na ile roho inayowafanya kuwa taifa. Nchi ilikuwa changa, na shule na hospitali zake zilikuwa chache. Angeweza kusema ingoje. Hakusema.

Haya hayaondoi haki ya mgonjwa. Fedha iliyotengwa kwa dawa haifai kuguswa kwa ajili ya jukwaa. Twasema tu kwamba anayetaka sanaa isubiri mpaka shida zote ziishe anawawekea wanyonge sharti ambalo wao wenyewe hawakujiwekea.

Sasa tuwageukie wanaoona aibu. Aibu ni mjenzi mbaya, maana hujenga ili mgeni aone. Na kwa kweli Kivukoni, kata ya maofisa na maofisi makubwa kando ya bandari, haina uhaba wa kumbi. Hapo pana Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo leo ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Pana pia Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere, kilichofunguliwa mwaka 2013. Kutoka huko mtu hutembea kwa miguu, avuke Mnazi Mmoja, aingie Kariakoo. Tuwaulize wasukuma mikokoteni wa Kariakoo ni wangapi kati yao wamewahi kuketi katika kumbi hizo.

Wazee wanajua Mnazi Mmoja ulikuwa nini. Watawala wa kikoloni waliuacha wazi uwanja huo ili uzitenge nyumba za Waafrika na sehemu nyingine za mji. Mpaka huo umefutwa katika sheria, lakini kiingilio, lugha, mavazi na saa ya onyesho vyaweza kuurudisha kimyakimya.

Jirani zetu wametupa somo. Kenya ilipata Jumba lake la Maigizo la Taifa huko Nairobi mwaka 1952, chini ya wakoloni, na hata baada ya uhuru wasanii Waafrika walilalamika kwamba jukwaa lapewa maonyesho ya kigeni kuliko yao. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, karibu na Limuru, walijijengea wenyewe jukwaa la wazi, wakaigiza kwa Kikikuyu mchezo walioutunga Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali iliupiga marufuku mwaka ule ule, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Lile la kwanza lilikuwa la taifa kwa jina. Hili la pili watu walilihesabu kuwa lao, ndiyo maana liliogopwa.

Na hapa kwetu, katika miaka ya 1990, vikundi kama Muungano na TOT vilivuta umati mkubwa kwa maigizo, sarakasi, vichekesho na taarab. Lakini mara nyingi jukwaa lao lilikuwa ukumbi wa pombe, ambamo mwigizaji hushindana na chupa. Fundi seremala hapewi jiko la mwenzake kuwa karakana. Kwa nini msanii apewe baa?

Basi twasema jumba lijengwe, ila kwa masharti. Kwanza, liwekwe mahali ambapo mabasi ya watu wote hufika, na maonyesho mengi yawe ya alasiri, ili mtu wa Mbagala au Kimara arudi kwake na watoto kabla usiku haujawa mwingi. Pili, kiingilio kipimwe kwa mfuko wa muuza samaki wa Feri, na vikundi vya mitaani vitengewe siku zao jukwaani bila kulipa kodi ya ukumbi. Tatu, fedha ya kulitunza na ya kuwalipa wasanii itengwe kabla ya jiwe la msingi. Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliteketea kwa moto mwaka 2002. Kilichokifanya chuo kidumu tangu 1981 ni walimu na wanafunzi wake.

Pale pale Kivukoni lipo Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa kati ya miaka 1897 na 1902, lenye vioo vya rangi na mnara mrefu. Hatujasikia mchukuzi akilalamika kwamba ni zuri mno, kwa kuwa huingia humo bila kuulizwa amevaa nini. Wanaochora ramani ya jumba jipya na waanze na mlango.