Je, Somo la Simu Latosha kwa Binti Aliyefungiwa Shule?

Liko swali moja linaloonekana kuwa la mbali, bali ukilipima unaona lina uzito. Katika inchi ya Afghanistan, binti akimaliza darasa la sita hana tena shule ya serikali ya kwenda. Watu wema wa inchi za nje wanasema: basi, tumpelekee masomo kwa intaneti, asome nyumbani kwa simu. Je, huo ni msaada wa kweli, ao ni njia ya kutuliza dhamiri zetu?

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokwenda. Wataliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021. Mwezi uliofuata vijana wa kiume waliitwa kurudi sekondari, mabinti hawakuitwa. Tarehe 23 Machi 2022 milango ilipaswa kufunguliwa kwao. Wakavaa, wakaenda, na siku ileile wakarudishwa nyumbani, wengine wakilia njiani. Desemba 2022 vyuo vikuu vikafungwa kwa wanawake. Desemba 2024 ikawa zamu ya vyuo vya uuguzi na ukunga. UNESCO ilihesabu mwaka 2024 mabinti wasiopungua 1,400,000 walionyimwa masomo ya sekondari kwa amri hizo.

Mtu asiseme: ndiyo dini yao. Sheikh mkuu wa Al-Azhar kule Misri, Ahmed al-Tayeb, alitangaza Desemba 2022 kwamba marufuku ile inapingana na sharia ya Kiislamu. Tusiwabebeshe majirani zetu Waislamu tendo ambalo wakubwa wao wenyewe wamelikemea.

Lakini wengine kati yetu watauliza: binti anayesoma kwa siri, haasi mamlaka? Na mama yake anayedanganya jirani, hatendi zambi? Jambo hili si jipya kule. Wataliban walipotawala mara ya kwanza, miaka ya 1996 hadi 2001, wanawake wa mji wa Herat walikwenda mahali palipoitwa shule ya kushona, Sindano ya Dhahabu. Walibeba vitambaa na mikasi, kumbe chini ya vitambaa kuna daftari, na mwalimu wa chuo kikuu anawafundisha fasihi. Mimi nasema hivi: mtu aliyefunga kisima hana haki ya kumdai mwenye kiu aeleze anakwenda wapi na mtungi wake.

Leo kitambaa kile kimekuwa simu. Liko chuo kimoja cha Marekani, University of the People, kinachofundisha kwa intaneti peke yake, nacho kimepokea maelfu ya wanawake wa Afghanistan. BBC ilianzisha mwaka 2023 kipindi cha masomo, Dars, kwa watoto wa miaka 11 hadi 16. Mwaka 2024 Hamida Aman, mwenye kuanzisha Redio Begum ya Kabul, alifungua televisheni huko Paris inayopeleka masomo ya sekondari kwa satelaiti, hata kwa nyumba isiyo na intaneti. Haya yote ni mema, na aliye na uwezo wa kuyalipia asingoje.

Hata hivyo, anayetoa somo na anayelipokea hawalipi bei moja. Mwalimu wa Ulaya akimaliza anafunga mashine yake na kulala. Mwanafunzi anaficha simu. Februari 2025 ofisi za Redio Begum zilipekuliwa na wafanyakazi wawili wakakamatwa. Kwa hiyo mwenye kusaidia aulize kwanza: jina la binti huyu nimeliandika wapi, na nani anaweza kulisoma? Pengine msaada bora ni kujenga njia ambayo haimdai jina wala picha, hata kama mtoaji atakosa kitu cha kuonyesha wafadhili.

Tena, waya wa intaneti unapita mkononi mwa yule yule aliyefunga shule. Septemba 2025 wakubwa walianza kuukata katika jimbo la Balkh, wakisema wanazuia maovu. Tarehe 29 ya mwezi huo wakaukata inchi nzima. Ndege zikasimama, benki zikakwama, na baada ya siku kama mbili wakaurudisha. Wengine walicheka kwamba mwenye kukata amejikata mwenyewe. Mimi sikucheka, maana siku zile mbili zilionyesha kwamba darasa la maelfu linaweza kuzimwa kama taa. Ndiyo sababu redio na satelaiti zisidharauliwe kana kwamba ni vitu vya wazee.

Na yako masomo ambayo simu haiwezi. Hesabu unaweza kuzifuata kwenye kioo, na lugha pia. Bali mkono wa mkunga hufundishwa na mkono wa mkunga mwingine, mbele ya mama mwenye uchungu. Katika inchi ile, sehemu nyingi mwanamke hatibiwi na mwanaume. Wakunga waliopo wakizeeka, nani atashika mtoto? Hapa anayesema "wana intaneti, yatosha" anamsaidia mwenye kufunga mlango bila kujua. Mataifa yanayozungumza na Kabul habari ya biashara na wakimbizi yangepaswa kuuliza juu ya vyuo hivyo vya ukunga kwenye meza ileile, kila mara, wala si kuvitaja mwishoni wakati watu wanavaa viatu.

Kwa sasa, yako madarasa madogo ya siri majumbani, ambamo mwanamke aliyekatizwa chuo anafundisha mabinti wa jirani, na simu moja inazunguka kati yao.