Kijana na Ufunguo wa Nyumba

Huulizwa: kijana akisha baleghe na kupanga chumba chake, je, walezi wamekwisha tua mzigo? Jawabu: la. Kubaleghe ni jambo moja. Rushdi, nayo ni kujua kuihifadhi mali, ni jambo jingine. Ndipo Surat An-Nisaa, aya ya 6, ikaamrisha mayatima wajaribiwe kabla ya kukabidhiwa mali yao.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 2000 iliwawekea vijana watokao katika malezi ya serikali mshauri wa kuwaangalia. Na ile ya mwaka 2017 ikamwezesha kila atakaye kusaidiwa hata atimize miaka 25.

Wala kusaidia si kumlipia daima, bali ni kumfundisha kutenga kodi kabla ya matumizi, na kuufahamu mkataba kabla ya kuutia sahihi. Asiyefundishwa haya, akitolewa nyumbani, mlezi wake asimlaumu peke yake.