Kabla Fimbo Haijashuka



Jua la Engaresero likianza kulegea, mbuzi hurudishwa bomani kwa njia ya korongo. Ardhi ya huku, kati ya Ziwa Natron na Oldoinyo Lengai, ni mchanga na majivu ya volkano. Mlima ulipolipuka mwaka 2007 na 2008, majivu yaliangukia malisho, na wako wafugaji waliolazimika kuhama na mifugo yao. Katika korongo kama hilo layoni, mvulana mchungaji wa Kimaasai, anachunga mbuzi na anachunga pia mguu wake. Akiona mwili mnene wenye mabaka ukitikisika mchangani, neno ni moja: “Kifutu!” Na fimbo inashuka.

Huenda ni kifutu kweli, na hofu hiyo imeokoa watoto wengi. Lakini nchi kame za kaskazini mwa Tanzania zina nyoka mwingine, wa jamii ya boa, ambaye maisha yake ni chini ya mchanga. Huyu hana sumu. Mgongo wake ni wa rangi ya machungwa au njano wenye mabaka ya kahawia iliyokolea, tumbo ni jeupe. Kichwa hakikupanuka kama cha kifutu. Kimeungana na mwili, shingo huioni. Macho ni madogo na yamekaa juu, hivyo aweza kujifukia mwili mzima akabakiza macho na pua tu. Mkia ni mfupi. Hapo mchangani hungoja kwa utulivu mkubwa hadi panya au mjusi apite, akamkamata na kumbana kama afanyavyo chatu. Jike ndiye mkubwa, naye urefu wake hukaribia sentimita 90 akizidi sana. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai.

Kiumbe huyu anapigwa kwa sababu ya sumu ya mwingine. Kosa lake ni kufanana tu, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Je, nyumbani kwako yuko anayeadhibiwa hivyo? Mkwe aliyepokelewa kwa ubaridi kwa sababu yule wa kwanza aliondoka vibaya. Mtoto anayekaripiwa kuliko wenzake, na ukichunguza sana, ni kwamba ana sauti ya baba aliyewaacha. Jirani mpya ambaye mtu wa kabila lake aliwahi kukudhulumu. Hawa hawajui wamekosa nini, na kwa hiyo hawawezi hata kuomba radhi.

Simwambii layoni amshike nyoka asiyemjua. Asimame, arudi nyuma, amwache apite. Hata kwa kifutu mwenyewe, kurudi nyuma ni salama kuliko kumkaribia kwa fimbo. Nadhani upendo nao, mara nyingi, hautuombi zaidi ya hatua hiyo moja ya nyuma, tupate nafasi ya kutazama.

Hata hivyo nyoka huyu anatufikisha nusu ya njia tu. Yeye hajamkosea mtu. Wewe labda unaye mtu aliyekukosea kweli, na hapo mambo ni magumu zaidi. Namfikiria Anania wa Dameski, katika kitabu cha Matendo ya Mitume. Habari alizosikia juu ya Sauli hazikuwa uvumi: mtu yule alikuja na mamlaka ya kuwafunga waumini. Anania alipoambiwa amwendee, hakujifanya jasiri. Alimweleza Bwana mabaya yote aliyoyasikia, na Bwana akamsikiliza, kisha akamtuma tena. Akaenda mpaka njia iitwayo Nyofu, akaingia nyumbani, akaweka mikono juu ya mtu ambaye kwa siku tatu alikuwa haoni, hali wala hanywi. Akamwita ndugu. Kwangu mimi, uzuri wa habari hii ni kwamba hofu ilisemwa kwanza, tena mbele za Mungu.

Nawe, umewahi kumwambia Mungu waziwazi kwamba fulani unamwogopa, au kwamba bado anakuuma?

Jioni za wiki hii, kabla ya kulala, mtaje kwa jina lake, utaje na alichokutenda. Usijilazimishe kumpigia simu leo. Sala hiyo irudie, hata kama moyo bado mzito. Lakini yule mwingine, asiye na kosa, uliyempa adhabu ya mtu mwingine, usimcheleweshe. Kesho asubuhi mpe salamu ya kweli, umuulize ameamkaje, na usiondoke kabla hajakujibu.