KUTAKASA NAFSI, KUTAKASA MTO

Bismillahi Rahmani Rahim. Ndugu Waislamu, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha nyinyi: tumche Allah (S.W.).

Katika Surat Ash-Shams Allah anaapa kwa jua, mwezi, mchana na usiku, kisha anatujulisha kuwa mwenye kufaulu ni yule aliyeitakasa nafsi yake. Hapo hakutaja mali wala cheo. Basi maendeleo ya mtu katika Uislamu huanzia moyoni. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyaeleza magonjwa ya moyo: kiburi, husuda, choyo, ria. Dawa yake ni kutenda kinyume mpaka nafsi izoee. Mwenye choyo atoe. Mwenye kiburi awatumikie watu.

Wako wanaodhani kuitakasa nafsi ni tasbihi peke yake. Tazameni mto wetu Kalimabenge. Anayekaa juu anatupa taka mtoni. Mama wa chini, bomba likikauka, anateka humo kwa bidoni yake. Baada ya siku chache mtoto wake anapelekwa hospitali kwa kolera. Na yule aliyetupa taka amesali safu ya kwanza! Udhu wake umetimia, lakini je, moyo wake? Kutomjali jirani wa chini nao ni ugonjwa.

Nami nimo, ndugu zangu. Miaka mingi nilipita kando ya taka nikisema: hiyo ni kazi ya serikali. Hali Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa kuondoa kero njiani ni katika imani, na akakataza kuchafua mahali watu wanapoteka maji.

Kumbukeni usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Wako waliomfungulia jirani mlango bila kumuuliza kabila lake. Leo jirani huyohuyo hatumwitikii salamu. Moyo ule tumeuacha wapi?

Surat Ar-Ra'd, aya ya 11, inatufundisha kuwa hali ya watu hugeuka wakianza kugeuka wao wenyewe. Basi tuanze na mawili. Kesho Jumamosi asubuhi tutoke kwa salongo, na jembe na pauro, tuusafishe ukingo wa mto. Na kabla ya Magharibi ya leo, kila mmoja amwendee mtu mmoja aliyenuniana naye, aanze yeye salamu.

Ewe Mola, zisafishe nyoyo zetu, waponye wagonjwa wetu, uipe Uvira amani. Amin.