Joka Lililofungiwa Kabatini

Mwaka 1996 kiwanda cha Perth Mint, huko Australia Magharibi, kilianza kufua sarafu za dhahabu zenye sura za wanyama kumi na wawili wanaoipa miaka ya Wachina majina yake. Panya alitangulia, joka likaja mwaka 2000, nguruwe akafunga duru mwaka 2007. Katika duru hiyo sarafu ya wakia moja ilipangiwa isizidi 30,000 kwa kila mnyama. Imeandikwa dola 100, nayo ni fedha halali. Ila hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda nayo sokoni, kwani dhahabu iliyomo inaishinda mbali thamani hiyo.

Wepesi wa kulaumu humwita mkusanyaji wa sarafu hizi mroho wa mali. Lawama hiyo haikulenga. Mroho hununua kipande cha dhahabu kisicho na nakshi, kwa kuwa gramu ni gramu. Mkusanyaji huongeza bei kwa ajili ya joka, wala joka halina uzito. Anachokinunua ni uzuri.

Penye shaka ni hapa. Uhaba wa dhahabu umetoka ardhini. Uhaba wa picha ni amri ya kiwanda. Basi sehemu ya raha ya mwenye joka ni kwamba wengine hawanalo. Na hata yeye halishiki, maana alama ya kidole hushusha bei. Hulitazama ndani ya kasha lake la plastiki, kisha akalirudisha gizani.

Kilwa ya kale ilifua sarafu za shaba zenye maneno ya vina, upande mmoja ukiitikiana na wa pili. (Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia hiyo hiyo, zilifikaje, wataalamu wangali wanabishana.) Vina vile vilipita mikono mingi, vikasagika kwa kushikwa, na hakuna aliyepunjwa kwa kuwa jirani yake navyo anavyo.

Mkusanyaji atajibu kwamba yeye huhifadhi kile ambacho mikono ingekisaga. Jibu hilo lina nguvu. Lakini aliyempokea panya wa kwanza akiwa na miaka hamsini, aliporejea panya wa tatu mwaka 2020 alikuwa na sabini na minne. Warithi wasiojali wanyama watazipeleka sarafu kwa sonara, naye atazirundika mizanini, sungura juu ya chui, pasipo kuzigeuza upande wenye picha.