Mzigo wa Kujichagulia

Kariakoo ni jina la mizigo. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwakusanya Waafrika kwa maelfu katika kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na baada ya kuuteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916 wakawapigisha kambi mahali ambapo leo pana soko. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina hilo, likawa Kariakoo. Wapagazi wale hawakuulizwa wabebe nini, wala wapeleke wapi, wala kwa faida ya nani. Wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu, chini ya mizigo iliyofungwa na wengine.

Yapasa jambo hilo likumbukwe pindi linapozuka swali ambalo kwa juujuu laonekana dogo: je, ni haki mwanafunzi wa shahada ya uzamili ajipangie mwenyewe masomo yake, akichota huku sheria, kule ushairi, kwingine uchumi au ujenzi? Au ni wajibu wake kuupokea mtaala kama ulivyoandaliwa na waliomtangulia?

Mwendo mfupi kutoka sokoni, katika Mtaa wa Lumumba, ndipo kilipozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, chuo kilifunguliwa katika jengo la TANU, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Shahada yake ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London. Ilikuwa neema, hapana shaka. Lakini mzigo ulikuwa umefungwa mbali. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 walimu na wanafunzi wakabishana kwa ukali: mwanasheria asiyeijua historia ya mkulima, au mhandisi asiyeujua uchumi wa nchi yake, amesoma nini? Katika mabishano hayo yalichipuka masomo ya pamoja, na mwaka 1973 ikaundwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo, ambayo somo lake liliwalazimu wanafunzi wa fani mbalimbali.

Hapo kuta baina ya fani zilitobolewa, lakini si kwa hiari ya mwanafunzi. Taifa ndilo lililoufunga mzigo. Basi kuchanganya fani ni jambo moja, na kujichagulia ni jambo jingine. Hili la pili limepewa nafasi kwingineko: katika Chuo Kikuu cha New York, kitivo cha Gallatin, chenye asili yake mwaka 1972, humruhusu mwanafunzi wa uzamili kubuni njia yake akiwa na mshauri.

Hata hivyo pwani haikungoja Marekani. Mwanafunzi wa zamani wa Unguja au Lamu alimwendea sheikh huyu kwa fiqhi, yule kwa nahau, mwingine kwa falaki, na kila mwalimu alitoa ijaza kwa kile alichokifundisha tu. Katika mila hiyo alilelewa Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), mwalimu wa skuli, mwanahistoria, mfasiri wa Qurani ambaye kazi yake ilitimia mwaka 1969, na Kadhi Mkuu wa Kenya. Njia aliichagua mwanafunzi, bali mizani ilibaki mkononi mwa mwalimu.

Mpinzani atasema kuwa mshika mawili moja humponyoka. Hoja yake ina uzito, ila hatari kubwa zaidi haimo katika wingi wa masomo. Imo katika hila ya nafsi, ambayo ikipewa uhuru huchagua kile inachokipenda na kukikwepa kinachoiumiza. Na ichukuliwe mfano wa kubuni: mwanafunzi apendaye kulichunguza soko la Kariakoo achague sheria ya biashara, lugha ya wachuuzi na historia ya mji, kisha aache hesabu kwa kuwa inamtoa jasho. Siku atakaposhauri kodi ya vizimba ipandishwe, atakayelipa kosa lake si yeye, ni mama anayeuza mchicha.

Jengo la soko lenyewe linatoa ushahidi. Msanifu wake, Beda Amuli, alilisimamisha kwa miamvuli mikubwa ya zege, mfano wa miti ambayo chini yake watu wetu walifanyia biashara tangu kale, na lilifunguliwa mwaka 1975. Ndani yake mna ujuzi wa desturi, wa kivuli na wa biashara. Lakini lau hesabu ya uzito ingalikosewa, mapenzi ya miti yasingalilibeba paa. Na moto ulipoliunguza mwezi wa Julai 2021, maswali yaliyozuka yalikuwa ya umeme, ya sheria, ya bima na ya riziki ya wachuuzi kwa pamoja. Maisha hayakugawanyika kwa vitivo.

Kwa hiyo haki ya kujipangia masomo ipo, ila haisimami peke yake. Kwanza, awepo na swali moja linalozifunga fani zote, si tamaa nyingi zilizorundikwa. Pili, kila fani imtoe hakimu wake mwenye uwezo wa kusema hapana. Tatu, lolote ambalo swali linalidai, hata likiwa chungu, lisiachwe nje ya tita.

Mpagazi wa 1916 na mwanafunzi huru hawatofautiani kwa uzito wa mzigo. Huenda wa mwanafunzi ukawa mzito zaidi, maana hana wa kumlaumu. Wanatofautiana kwa kuwa huyu amejua anaupeleka wapi na kwa nani. Asiyelijua hilo, hata akijifungia tita lake kwa mikono yake mwenyewe, bado ni mpagazi.